Ushuru wa Bangi na Heshima ya Sheria

Sheria ni ahadi baina ya mtawala na mtawaliwa. Humwambia mtu, kabla hajatenda, lipi litamletea salama na lipi litamletea adhabu. Sheria kali yaweza kuchukiwa na bado ikafahamika. Sheria ya upole yaweza kudharauliwa na bado ikafahamika. Lakini sheria inayoruhusu na kukataza jambo moja, kwa mtu mmoja, mahali pamoja na saa moja, haifahamiki hata kwa wale walioifanya kuwa kazi ya maisha yao. Sheria ya namna hiyo si ahadi, ni mtego. Katika Marekani mtego wa aina hii umetegwa juu ya mmea mmoja, nao ni bangi. Na chambo kilichotiwa mtegoni ni ushuru.

Yafaa mwanzo wa mambo utazamwe kabla ya mwisho wake. Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kodi ya bangi, kodi iliyozungushiwa masharti mengi hata biashara ya mmea huo ikawa haiwezekani. Mwaka 1970 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kudhibiti madawa, na katika sheria hiyo bangi iliwekwa daraja la kwanza pamoja na heroini, yaani daraja la vitu vinavyohesabiwa kuwa ni vya hatari kubwa na visivyo na kazi iliyokubaliwa katika utabibu. Miaka 26 baadaye, mwaka 1996, wapiga kura wa California waliiruhusu kwa wagonjwa. Novemba 2012 wapiga kura wa Colorado na Washington walikwenda mbali zaidi, wakairuhusu kwa kila aliyetimiza miaka 21, awe ana ugonjwa au hana. Maduka ya Colorado yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, na ya Washington mwezi Julai wa mwaka huo huo. Kufikia mwisho wa 2023 majimbo 24 yalikuwa yamekwisha kuifuata njia hiyo. Katika muda huo wote Bunge halikuifuta sheria ya 1970. Jimbo lilisema ndiyo, taifa likasema la, na raia akasimama katikati.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili yanayopigiana kelele. Kundi la kwanza husema kwamba ruhusa itajaza hazina, itaua magendo na itafungua milango ya magereza. Kundi la pili husema kwamba ruhusa itaharibu vijana na kuvunja nyumba. Kila kundi limeutazama mmea, na kwa sababu limeutazama mmea tu, halikuitazama sheria. Swali la kama bangi ni mbaya au njema ni swali kubwa, na matabibu wanayo haki ya kulijibu. Lakini liko swali lililo kubwa kupita hilo: je, yafaa serikali ipokee fedha kutoka kwa mtu ambaye serikali nyingine, iliyo juu ya kichwa chake hicho hicho, yaweza kumfunga kwa sababu ya fedha hiyo? Jibu lake ni moja tu, nalo ni la.

Hoja ya hazina na ianze, maana ndiyo hoja iliyopigiwa ngoma kuliko zote. Hapana mwenye insafu atakayekana kwamba fedha imepatikana. Colorado ilikusanya dola milioni 67 na ushei za kodi na ada za bangi katika mwaka 2014, na mwaka 2021 ilikusanya karibu dola milioni 423. Wapiga kura waliahidiwa kwamba dola milioni 40 za kwanza za kila mwaka, katika ushuru unaotozwa bidhaa itokapo kwa mkulima, zingekwenda katika ujenzi wa shule. Na shule zilijengwa. Shule iliyopata paa jipya imepata paa jipya, na mvua haiulizi bati lilinunuliwa kwa fedha gani.

Walakini tarakimu huwa na kiburi zinaposimama peke yake, na huona haya zinaposimamishwa karibu na wenzake. Bajeti ya jimbo la Colorado katika miaka hiyo ilipita dola bilioni 30. Fedha ya bangi, hata katika mwaka wake wa neema, ilikuwa kama sehemu moja katika mia ya fedha ile. Mtu mwenye shilingi mia mfukoni akiokota shilingi moja njiani hasemi kwamba ametajirika. Na akisema hivyo, jirani zake hucheka. Lakini wanasiasa waliposema hivyo juu ya jimbo zima, jirani hawakucheka, waliiga.

Na walipoiga, neema ilianza kupungua. Mwaka 2022 mapato ya Colorado yalishuka hadi karibu dola milioni 325, na mwaka 2023 hadi karibu dola milioni 274. Sababu zake hazikufichika. Hapo kwanza Colorado ilikuwa kama kisima kimoja katika nchi ya kiu: wageni walikuja kutoka mbali kununua kilichokatazwa kwao. Majimbo mengine yalipochimba visima vyao, wageni walibaki makwao. Kadhalika wakulima walipanda kupita haja ya wanunuzi, na bei ya jumla ya bangi katika Colorado ilishuka kwa zaidi ya nusu baina ya 2021 na 2023. Kodi iliyofungwa kwenye bei huanguka pamoja na bei, kama mtu aliyepanda punda huanguka pamoja na punda.

Oregon iliona ajabu kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2019 wasimamizi wa biashara hiyo katika jimbo lile walihesabu akiba iliyokuwamo katika soko halali wakaona kwamba ingeweza kuwatosha wanunuzi wa Oregon kwa muda wa zaidi ya miaka sita. Kama ingalikuwa ngano au mbao, ziada ingalipakiwa ikauzwa katika majimbo mengine. Bangi haikuweza kupakiwa, kwa sababu kuvuka mpaka wa jimbo ni kuingia katika mikono ya serikali kuu. Mwaka huo huo Oregon ilitunga sheria ya kuruhusu bidhaa hiyo iuzwe katika majimbo mengine, lakini sheria hiyo iliwekewa sharti kwamba isitumike mpaka serikali kuu itoe ruhusa. Imepata kuonekana wapi nchi moja, yenye fedha moja na bendera moja, ambayo ndani yake mkulima anaozewa na mazao mbele ya mpaka ambao ng'ombe, gari na barua huuvuka bila kuulizwa? Huo si uchumi. Ni visiwa 24 katika bahari ambayo vyombo vimekatazwa kusafiri.

Tena iko hasara isiyoandikwa katika daftari lo lote. Husemwa kwamba bangi humlevya mvutaji. Lakini fedha yake huilevya hazina, na ulevi wa hazina ni mgumu kuponywa kuliko ulevi wa mtu. Serikali iliyokwisha kuahidi madarasa, matibabu na malezi ya watoto kwa fedha ya moshi haiwezi tena kumnasihi raia apunguze moshi bila ya kujikata mkono. Tazama California. Jimbo hilo lilifungua maduka tarehe 1 Januari 2018, likatoza ushuru wa 15 katika mia juu ya mauzo, na kodi nyingine juu ya kilimo. Wenye leseni walilia kwamba mzigo ni mkubwa na kwamba wauzaji wa magendo, wasiolipa kodi wala ada wala gharama ya kupima bidhaa, wanawashinda kwa bei. Kodi ya kilimo ikaondolewa Julai 2022. Pengo lililoachwa na kodi hiyo likataka kuzibwa; basi Julai 2025 ushuru wa mauzo ukapandishwa hadi 19 katika mia. Kilio kikarudi, na Oktoba ya mwaka huo huo ushuru ukateremshwa tena hadi 15. Hiyo ni safari ya mtu aliyeshikwa katikati ya vitu viwili: akizidisha kodi, mnunuzi hukimbilia magendo, akiipunguza, ahadi alizowapa watoto huzipunguza pia. Washington, yenye ushuru wa 37 katika mia tangu 2015, ilichagua njia ya uzito. Hakuna jimbo lililopata bado kipimo kinachoshibisha hazina na kufukuza magendo kwa pamoja, maana mambo haya mawili yanapigana kwa tabia yao.

Lakini hoja ya fedha, pamoja na udhaifu wake wote, ni ndogo mbele ya hoja ya haki. Hapa ndipo mtego unapofyatuka.

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wanawake wawili wagonjwa wa California ambao walitumia bangi kwa shauri la matabibu wao, nayo ilioteshwa kwa ajili yao bila ya kuuzwa. Sheria ya jimbo lao iliwaruhusu. Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba uwezo wa Bunge juu ya biashara baina ya majimbo unafika hata katika chungu cha maua cha mgonjwa, kwa hoja iliyotokana na kesi ya mwaka 1942 juu ya mkulima aliyepanda ngano ya matumizi yake mwenyewe. Kwa upande mwingine mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua mwaka 1997 kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo watekeleze sheria zake. Matokeo ya hukumu hizi mbili ni haya: jimbo laweza kufumba macho yake lenyewe, lakini haliwezi kufumba macho ya serikali kuu. Leseni ambayo jimbo humpa mwenye duka ni hati ya kusema kwamba jimbo halitamwona. Haisemi kwamba hakuna amwonaye.

Ili kupunguza hofu hiyo, Wizara ya Sheria ilitoa waraka mwezi Agosti 2013 kuwaambia waendesha mashtaka wasiisumbue biashara iliyosimamiwa vyema na majimbo. Watu waliuza nyumba zao wakaingiza mali katika biashara kwa kuutegemea waraka huo. Tarehe 4 Januari 2018 Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions aliufuta. Kilichoandikwa kwa kalamu moja kilifutwa kwa kalamu nyingine, wala Bunge halikuitwa, wala mpiga kura hakuulizwa. Itasemwa kwamba mashtaka mengi hayakufuata. Ni kweli, lakini mtu anayelala chini ya mwamba unaoning'inia hapati usingizi kwa kuambiwa kwamba jana haukuanguka. Hata Mei 2024, Wizara ya Sheria ilipotoa pendekezo la kuiteremsha bangi hadi daraja la tatu, pendekezo hilo halikuwa la kuyahalalisha maduka ya majimbo mbele ya taifa. Lilikuwa la kubadili chumba katika nyumba ile ile.

Madhara ya hali hii yahesabiwe moja baada ya jingine, ili isidhaniwe kwamba ni shida ya wanasheria tu.

La kwanza ni benki. Benki za Marekani zote ziko chini ya mkono wa serikali kuu, na fedha ya bangi mbele ya mkono huo ni fedha ya uhalifu. Februari 2014 Wizara ya Fedha ilitoa maelekezo ya namna benki ziwezavyo kuwahudumia wenye leseni kwa kupeleka taarifa juu yao; benki nyingi zilisoma maelekezo hayo zikaona kwamba kukataa ni salama kuliko kukubali. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuziondolea benki hofu hiyo mwezi Septemba 2019, likaupitisha tena mara kadhaa, na katika miaka iliyofuata Seneti haikuupitisha. Basi maduka yalibaki na noti katika masanduku, na kodi ikapelekwa ofisini kwa mifuko. Mahali palipo na masanduku ya noti hapakosi wezi. Juni 2016 mlinzi mmoja wa duka la bangi katika mji wa Aurora, Colorado, aliuawa kwa risasi na watu waliotaka kuiba. Jimbo lilikuwa likitoza kodi katika duka hilo. Taifa lilikuwa likiitia hofu benki ambayo ingeihifadhi fedha yake. Na marehemu alikuwa akilinda pengo lililokuwa katikati yao.

La pili ni kodi ya mapato. Mwaka 1982, baada ya mahakama kumkubalia mwuza madawa mmoja apunguze gharama zake katika hesabu ya kodi, Bunge liliweka kifungu kinachomkataza mfanya biashara wa vitu vya daraja la kwanza na la pili kupunguza gharama yo yote isipokuwa gharama ya bidhaa yenyewe. Kifungu hicho kilichokusudiwa mhalifu wa gizani kilimwangukia mwenye duka la mchana. Chukua mfano wa duka lililouza bidhaa za dola 1,000,000, ambazo zenyewe ziligharimu dola 500,000, na likatumia dola 400,000 kwa mishahara, kodi ya nyumba na ulinzi. Faida yake ya kweli ni dola 100,000. Kwa kiwango cha 21 katika mia kilichowekwa tangu 2018, duka la viatu lingelipa dola 21,000. Duka la bangi chini ya kifungu hicho hutozwa kama lililopata faida ya dola 500,000, nalo hulipa dola 105,000. Limefanya kazi mwaka mzima likapata dola 100,000, likalipa dola 105,000. Mhalifu asiyeandika hesabu hana neno. Anayeumia ni mtii aliyeandika. Na mtii huyo akianguka katika madeni, mahakama za kufilisika, ambazo ni mahakama za serikali kuu, humfungia mlango, kwa kuwa haziwezi kusimamia mali iliyokatazwa na sheria yao.

La tatu ni kazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kesi ya mfanyakazi aliyepooza viungo, ambaye alitumia bangi nyumbani, nje ya saa za kazi, kwa cheti cha jimbo, akafukuzwa baada ya kupimwa. Sheria ya Colorado ilimlinda mfanyakazi asifukuzwe kwa tendo lililo halali alilotenda nje ya kazi. Majaji waliulizwa neno halali maana yake nini, wakajibu kwamba ni lile lililo halali kwa sheria ya jimbo na ya taifa pia. Mtu huyo alishindwa. Kwa hukumu hiyo mahakama ya jimbo lenyewe ilikiri kwamba kile ambacho jimbo liliwauzia raia wake kwa jina la uhalali hakikuwa halali.

La nne linawagusa watu ambao lugha yao ni hii iliyoandikiwa insha hii. Katika Marekani wamo wakimbizi wa Kongo na wahamiaji wa Kenya, Tanzania na Burundi, na baadhi yao wamekaa katika majimbo yaliyoruhusu bangi. Mgeni anapopita mbele ya duka lenye taa, ulinzi na leseni iliyotundikwa ukutani, hana sababu ya kudhani kwamba mlango huo ni wa hatari kwake kuliko kwa jirani yake. Lakini sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu. Kwa sheria hiyo hatia ya kuwa na bangi yaweza kumfukuzisha mgeni nchini, isipokuwa kosa moja la gramu 30 au pungufu kwa matumizi yake mwenyewe. Na kukiri tu kwa ofisa kwamba alitenda tendo hilo kwaweza kumzuilia kuingia. Aprili 2019 idara ya uraia ilitangaza kwamba mtu anayeomba uraia aweza kukosa sifa ya mwenendo mwema kwa kutumia bangi au kwa kufanya kazi katika biashara ya bangi, hata kama jimbo lake limeruhusu. Tazama basi: kijana anaajiriwa kupanga chupa katika duka lenye leseni, jimbo linakata kodi katika mshahara wake na kumshukuru, taifa linapokea kodi yake pia, kisha taifa hilo hilo linamwambia kwamba kwa sababu ya kazi iliyoleta kodi hiyo, yeye si mtu mwema. Mkono uliopokea fedha haukuona haya; ulimi ndio uliomtukana aliyeitoa.

Waswahili wamesema kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Katika shauri hili fahali ni serikali mbili, na nyasi si ile inayovutwa.

Itajibiwa kwamba nusu ya haki ni bora kuliko kukosa haki yote, na kwamba ruhusa ya majimbo imewatoa wengi katika mikono ya polisi. Hoja hii ina uzito, nayo inastahili heshima. Katika Colorado watu waliokamatwa kwa mambo ya bangi walikuwa 13,225 mwaka 2012, na mwaka 2019 walikuwa 4,290. Maelfu ya watu walioepushwa na pingu si jambo la kudharauliwa. Na wale wanaotaka marufuku yarudi kama yalivyokuwa wanapaswa kukumbushwa kwamba baina ya 2001 na 2010 watu zaidi ya milioni 8 walikamatwa kwa ajili ya bangi katika Marekani, wengi wao kwa kuwa nayo tu, na mmea haukupungua shambani wala mfukoni. Tena katika mwaka 2010 Mweusi alikuwa katika hatari ya kukamatwa kwa kuwa na bangi karibu mara nne kuliko Mweupe, ijapokuwa watu hao wawili huivuta kwa kiasi kinachokaribiana. Marufuku hayo hayakuwa ngome ya maadili. Yalikuwa wavu uliochagua samaki kwa rangi.

Lakini hesabu ile ile ya Colorado inayo upande wa pili. Hata mwaka 2019, baada ya miaka sita ya maduka, kiwango cha Weusi waliokamatwa kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Weupe. Nusu ya haki haikugawanywa nusu kwa nusu. Aliyekuwa na kivuli aliongezewa mwavuli, na aliyekuwa juani alipewa ahadi ya wingu. Na biashara yenyewe ilikuwa ya nani? Benki zinapokataa kukopesha, anayeweza kufungua duka ni yule aliyekuwa tajiri kabla ya duka. Tendo lililomfunga masikini katika pembe ya mtaa wake likawa ndilo linalomtajirisha mwenye mtaji katika barabara kuu. New York ilitaka kuisahihisha dhuluma hiyo. Kwa sheria ya Machi 2021 ilitenga sehemu 40 katika mia ya mapato kwa mitaa iliyoumizwa na marufuku, na leseni za kwanza za rejareja ikazielekeza kwa waliopata kuhukumiwa kwa bangi na jamaa zao. Nia ilikuwa njema. Duka la kwanza lilifunguliwa Desemba 2022. Agosti 2023 mahakama ikasimamisha leseni hizo, baada ya askari wastaafu wenye ulemavu kudai kwamba sheria iliwataja wao pia na wakaachwa. Wakati wenye leseni wakingoja mahakamani, maduka yasiyo na leseni yalijaa katika mji wa New York. Waliofungwa zamani kwa kuuza bila ruhusa walifundishwa somo la uchungu: aliyengoja ruhusa alikaa na njaa, asiyeingoja alikula.

Itajibiwa pia kwamba majimbo ni maabara ya taifa, na kwamba yafaa jambo lijaribiwe mahali padogo kabla ya kuenezwa mahali pakubwa. Hii nayo ni hekima, lakini hekima hiyo ina sharti lake. Katika jaribio la haki, anayejaribu hubeba hasara ya jaribio. Hapa majaribio yalifanywa na wabunge na kura, na hasara ikabebwa na mlinzi, mgonjwa, mfanyakazi na mgeni. Tena kila jaribio lina mwisho, na mwisho wake ni uamuzi. Baina ya 1996 na 2023 ni miaka 27. Maabara isiyotoa jibu kwa miaka 27 si maabara. Ni mahali pa kujificha.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Marekani haijui namna ya kuamua. Nchi hiyo ilikataza vileo kwa katiba yake tangu 1920, ikaona magendo na damu, na mwaka 1933 ikaibadili katiba hiyo hiyo. Haikuyaambia majimbo yafumbe macho. Iliondoa marufuku ya taifa waziwazi, ikaliachia kila jimbo uwezo wa kuruhusu au kukataza ndani ya mipaka yake, na yakawapo majimbo yaliyoendelea kukataza; Mississippi ilikataza hadi 1966. Mtu aliyenunua kileo mahali kiliporuhusiwa alikuwa amenunua kitu halali, na aliyekiuza mahali kilipokatazwa alikuwa amefanya kosa. Watu wangeweza kubishana juu ya busara ya kila jimbo, lakini hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza sheria yasemaje. Dawa inajulikana, iliwahi kunywewa, na mgonjwa alipona.

Basi mambo yanayopasa yana taratibu yake. Kwanza Bunge liseme neno moja, ama la kukataza kwa taifa zima na kubeba dhima ya magereza, ama la kuyaachia majimbo na kubeba dhima ya ruhusa. Na kwa kuwa njia ya kwanza ilijaribiwa kwa miongo mingi ikashindwa, ya pili ndiyo iliyobaki kwa wenye busara. Pili, hatia za zamani zifutwe kabla leseni mpya hazijatolewa, maana si adili mtu mmoja abaki na doa la tendo ambalo mwingine amepewa cheti cha kulitenda. Tatu, benki, mahakama na sheria ya kazi zimfungulie mwenye leseni milango ile ile inayofunguliwa mwuza viatu, na mgeni asiadhibiwe kwa kazi iliyotozwa kodi. Nne, na hili ndilo ambalo wenye hazina hawatalipenda, ushuru uwe wa kiasi, na usitegemewe kwa mahitaji ya lazima. Shule ijengwe kwa fedha ya wote kwa sababu ni ya wote. Fedha ya bangi iende kwanza kwa walioumizwa na bangi na walioumizwa na vita dhidi ya bangi. Ikizidi ni heri, ikipungua pasiwe na mtoto atakayenyeshewa.

Serikali ina haki ya kumkataza mtu, na ina haki ya kumruhusu. Haina haki ya kumwuzia ruhusa kwa mkono mmoja na kumshika kwa mkono wa pili. Bangi yaweza kuwa dawa, yaweza kuwa sumu, yaweza kuwa upuuzi wa jioni. Lakini sheria haiwezi kuwa moshi. Moshi huvutwa na atakaye. Sheria huvutwa na kila mtu, atake asitake, maana ndiyo hewa ya nchi.